Ulimi wa Ndunda

"Hiyo chupa haiingii kwa nyumba yangu, shemeji! Hata kama imebarikiwa na askofu!"

"Na kwangu pia haiingii," Mwelu akadakia kutoka mlango wa pili, mikono imejaa povu la sabuni. "Mmesikia? Mzee wangu hagusi. Tafuteni mtu mwingine wa kuwaonjea."

"Nani amekuita wewe? Si ni huyo mzee wako alifundisha wangu kunywa?"

"Wako alikuja hapa akiwa amehitimu, Mama Wendy. Usinifungue mdomo."

"Fungua! Fungua tu, hata wale wa buchari wasikie!"

Katikati, kati ya mlango na mlango, alisimama Mutua na koti lake la baridi ya Marekani, jua la saa sita likimpiga utosini. Chupa alikuwa ameikumbatia kifuani kama mama aliyefukuzwa kliniki na mtoto wake.

Ploti yetu iko nyuma ya Marikiti, hapa Machakos mjini: vyumba vinane, vinne huku vinne kule, na mfereji mmoja. Mimi ni Mama Ndeti. Mlango wangu ndio unaotazamana na mfereji, kwa hiyo hakuna habari inayotoka hapa bila kupitia kwangu kwanza. Jumamosi hiyo ya mwezi wa nane, mwaka 2006, nilikuwa kwenye benchi langu nachambua mboga, na kusema kweli ugomvi ulikuwa mtamu, ningeuacha uendelee. Lakini nilimtazama Mutua nikaona macho yamejaa maji, mwanamume mzima, nikaona haya.

"Lete hapa," nikamwambia. "Benchi langu halina dini. Mama Mbithi, mtoe mzee aote jua. Kuketi si kunywa."

Mwelu, huyo huyo Mama Mbithi, alinitazama kwa jicho ambalo sikulielewa siku hiyo. Nilidhani ni hasira.

Mutua ni mdogo wa marehemu Muli, na Muli ndiye aliyekuwa mume wa Mbula, huyu tunayemwita Mama Wendy. Mutua alikaa Marekani miaka tisa, sehemu inaitwa Kentucky, akisukuma mapipa kwenye ghala la wiski. Kaka yake alipokufa, mwezi wa sita mwaka uliotangulia, makaratasi yake hayakuwa yamekaa sawa. Angetoka kule asingerudi tena. Alipiga simu siku ya mazishi, tukaishika simu karibu na kaburi asikie udongo ukianguka. Kadi yake ikaisha kabla ya maombi. Sasa makaratasi yalikuwa sawa, alikuwa amekuja kwa wiki tatu, na kitu cha kwanza alichotoa kwenye begi, kabla ya viatu vya Wendy na sabuni za kunukia, kilikuwa hiyo chupa.

Na Ndunda, mume wa Mwelu, ndiye aliyekuwa ulimi wetu. Nyumbani kwetu Ukambani, mtu akitengeneza kaluvu, ile pombe ya asali, kwa ajili ya mahari, haiwekwi mbele ya wageni mpaka mtu anayejua aionje na kusema imeiva. Ndunda alikuwa anaitwa mpaka Masii, mpaka Mwala. Wanamtumia mtu wa baiskeli kumchukua. Anaweka tone kwenye ulimi, anafumba macho, kisha anawaambia, "Bado siku mbili," au, "Asali hii mmeongeza sukari, mnamdanganya nani?" Watu wanaona haya, wanacheka. Hata huku mjini, kwa Mutindi aliyekuwa akiuza chang'aa nyuma ya gereji, hakuna aliyejaziwa glasi kabla Ndunda hajapewa yake. Akitingisha kichwa kukubali, watu wanakunywa.

Kisha ikaja ile siku. Kitu kilichoingia kwa Mutindi hakikuwa chang'aa. Daktari alisema ni spiriti ya viwandani, ya kusafishia mashine. Watano walikufa. Muli, mmoja wao, alikufa siku ya pili, hospitalini, akilalamika kwamba kila mahali ni weupe, kwamba tumemfunika shuka usoni, tumwondolee. Hakukuwa na shuka. Ndunda aliokoka, ila macho yaliondoka. Anachoona sasa ni mwanga na kivuli. Mutindi alihama siku hiyo hiyo. Wengine wanasema yuko kwao Ekalakala, wengine wanasema Tanzania. Nyumbani kwake sasa kunauzwa mitumba.

Lakini kitu kilichokuwa kinamla Mbula si Mutindi. Muli alikuwa ameacha pombe. Wiki saba, hata tone. Asubuhi ya siku hiyo waligombana juu ya kitu cha bure kabisa, sweta ya shule ya Wendy, na Mbula akamwambia, "Nenda! Na ukienda usirudi." Akaenda. Jioni akaletwa na watu, amebebwa na mkokoteni. Tangu hapo Mbula aliuliza kila mtu: nani alimwona akiingia kwa Mutindi? Alikuwa na uso gani? Alikuwa na hasira? Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wale waliokuwepo walikuwa wamezikwa, Mutindi ametoroka, na Ndunda, mke wake alisema hakumbuki kitu. Usiku mmoja aliniambia mimi peke yangu: "Mama Ndeti, ni mimi nilimtuma." Na mimi, na mdomo wangu huu wote mnaoujua, neno hilo sikulitoa hata kwa mume wangu.

Basi, Ndunda aliletwa, mkono wake kwenye bega la Mwelu, akaketishwa. Mwelu akasimama nyuma yake, hakuketi. Watu wa ploti nao wakaanza kujisogeza, mmoja ana ndoo, mmoja ana kitana kichwani, kila mtu ana kisingizio chake. Mbula alibaki mlangoni kwake, hatua sita hivi, ametupa mgongo. Lakini masikio hayana mgongo.

"Mzee," Mutua akasema, "Muli aliniambia kwa simu, ile mara ya mwisho. Akasema, wewe Mutua, ukileta hiyo kitu mtu asifungue kabla Ndunda ameonja."

"Alisema hivyo?" Ndunda akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hivyo hivyo."

"Mimi niliacha kuonja, kijana."

"Onja hii tu. Nimeitoa mbali."

"Baba Mbithi, twende nyumbani," Mwelu akasema.

Ndunda akageuza uso kama mtu anayesikiliza mvua. "Ni ya nini?" akauliza.

Mutua akachangamka. "Ni bourbon. Wiski ya mahindi. Lakini wiski nyingi, Mzee, wanachanganya mapipa. Pipa mia, mia mbili, mpaka chupa zote ziwe ladha moja. Hii ni ya pipa moja peke yake. Likiisha, limeisha, hakuna lingine kama hilo duniani. Angalia hapa, wameandika kwa mkono, nambari ya pipa na mahali lilikuwa limelala..."

"Mimi siangalii," Ndunda akasema.

"Woi. Pole, Mzee."

"Si neno. Nimeelewa. Ni kama mwatu."

Mutua alikuwa amekaa mbali sana, ikabidi afikirie. Mwatu ni mzinga wetu wa gogo, unaotundikwa mtini.

"Asali ya sokoni," Ndunda akaendelea, "wamemwaga ya mizinga ishirini kwa debe moja. Ni tamu, lakini haina kwao. Ukila ya mwatu mmoja unajua nyuki walienda kwa mti gani. Mama Ndeti, lete glasi. Osha na maji tu, usitie sabuni. Na usipanguse, kitambaa kiko na harufu ya jana."

Nikatoa zile glasi zangu za maua, za harusi, tatu zilizobaki. Mwelu alisema kitu kwa Kikamba, polepole, akimwinamia sikioni. Mume wake akaupapasa mkono wake tu.

Mutua akafungua. Harufu ilitoka ikatuzunguka sote, hata sisi tusiojua tukajua hiki si kitu cha kunywewa kwenye kopo. Rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani. Ndunda hakunywa. Alimimina matone kwenye kiganja, akasugua mikono kama mtu anayepaka mafuta, akasubiri ukali uondoke, kisha akaifunika pua yake na viganja.

"Mahindi," akasema. "Lakini si ya kuchemsha. Ni yale ya kuchoma, yamesahauliwa kwa jiko mpaka asubuhi."

Watu wakacheka. Akaichukua glasi, akaikumbatia kwa mikono miwili kuipasha moto, akainusa mdomo ukiwa wazi. Akaonja kidogo sana, akaizungusha, akaimeza, akavuta hewa. Mfereji ulikuwa unadondoka, mtu akaufunga.

"Hili pipa lilichomwa ndani."

"Eeh!" Mutua akaruka. "Wanawasha moto ndani yake kabla ya kumimina!"

"Kama vile mama zetu wanasafisha kibuyu cha maziwa na kaa la moto. Moshi wake si wa kuni, ni wa ukuta." Akaonja tena. "Kuna sukari guru iliyoanza kuungua. Kuna ngozi ya kiatu kipya. Iliyolala chini kabisa ni asali, asali nyeusi, ya kiangazi. Na hili pipa halikulala chini. Lililala juu, karibu na mabati."

Mutua alifungua mdomo akaufunga. "Orofa ya sita," akasema. "Ghala lina saba. Mzee, umejuaje?"

"Limekauka. Kitu kikilala karibu na mabati kinakaza. Maji yanaenda, utamu unabaki na hasira zake. Niongezee maji, tone moja, kwa kidole."

Nikamtilia tone. Akaonja, akatabasamu, na mimi nikakumbuka kwamba nilikuwa sijaona meno yake mwaka mzima.

"Sasa imefungua mlango. Ganda la chungwa. Si lile la nje, lile jeupe la ndani, chungu kidogo. Halafu inashuka." Akaweka kidole shingoni, akakishusha polepole mpaka kifuani. "Bado iko. Bado inaongea. Miaka thelathini nimeonja uki, pombe zetu zote, sijaonja uki usio na haraka kama huu."

"Mzee amerudi!" mtu mmoja akapiga kelele.

"Mpeni mzee kazi Marekani!"

"Macho yalienda, ulimi ukabaki na zamu zote mbili!"

Tulicheka, ploti nzima, Mutua akicheka na kulia pamoja. Ilikuwa kama zamani. Nilipoinua uso nikaona Mwelu hacheki. Vidole vyake vilikuwa vimekamata bega la mume wake mpaka vikawa vyeupe. Na hapo nikajua kwamba lile jicho la mwanzo halikuwa la hasira. Lilikuwa la hofu.

Mbula alikuwa amekuja. Sikumsikia akitembea.

"Baba Mbithi," akasema. Alikuwa hajamwita hivyo tangu mazishi.

Kicheko kikafa.

"Niko hapa, Mama Wendy."

"Umeonja mti wa pipa. Mti wa Marekani, hujawahi hata kuona jani lake. Umejua pipa lilikuwa limelala wapi."

"Ndio."

"Na ile ya Mutindi? Ulionja?"

"Mama Wendy," Mwelu akaingilia, "huyu ni mgonjwa, tafadhali..."

"Nauliza yeye. Ulionja hiyo siku, ama hukuonja? Kwa sababu kama ulionja, huo ulimi wako, nieleze. Nieleze tu."

Ndunda aliweka glasi chini. Alilikosa benchi, nikaidaka. Mikono yake ikabaki mitupu mapajani.

"Nilionja," akasema.

Mwelu akaachilia bega lake, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Ulikuja mtungi wa samawati, ukaletwa na watu wa kutoka upande wa Athi River. Mutindi hakuwajua. Akaniita, kama kawaida. Nikaonja. Na Mama Wendy, Mungu ananiona, ilikuwa nzuri."

"Nzuri?"

"Nzuri kuliko zote. Chang'aa ya Mutindi ilikuwa inachoma kama wembe. Hii ilikuwa laini. Na nyuma ya ulimi kulikuwa na utamu mdogo. Safi, haina uchafu hata kidogo. Mimi kazi yangu ni kutafuta kosa, na kosa halikuwepo. Nikamwambia Mutindi, leo umepata. Nikamwambia, hii hata kwa mahari inaenda. Kile kilichotuua ndicho nilichokisifu."

Mutua alikuwa amesimama.

"Endelea," Mbula akasema.

"Yatosha, Baba Mbithi," Mwelu akalia. "Umeshasema. Twende!"

"Mwaka mmoja na miezi miwili umeniambia ninyamaze, na nimenyamaza. Sasa wacha." Akageuza uso mahali Mbula aliposimama, akamkosa kidogo, akawa anaongea na nguo zilizoanikwa. "Mtu akipata uki mzuri hanywi peke yake. Ndivyo tulivyolelewa. Nilitoka nikasimama nje kwa Mutindi nione nani anapita. Akapita Muli."

"Alikuwa anakuja kwa Mutindi."

"Hapana. Alikuwa anapita. Alikuwa anakuja hapa. Alikuwa amebeba maini, robo kilo, kwa gazeti. Akaniambia, Mama Wendy amenikasirikia, na yeye akikasirika dawa ni maini. Alikuwa anacheka."

Mbula aliweka mkono mdomoni.

"Nikamwambia, ingia kidogo uonje kitu. Akasema hapana, ameacha. Nikamwambia, kuonja si kunywa. Akasema hapana tena. Mama Wendy, alikataa mara mbili. Nikamshika mkono. Nikamwambia, hata mimi ndugu yako? Aliingia kwa heshima yangu. Mutindi alikuwa amenijazia glasi ya pili, ile ya asante. Nikampa yeye. Nikasema kunywa, nimeshaonja, iko sawa." Akafuta pua na mkono wa shati. "Ndiyo maana mimi niko hapa na yeye hayuko. Nilikunywa moja. Yangu ya pili alikunywa yeye, na zile alizoongezwa baadaye. Hayo maini yalibaki juu ya benchi la Mutindi."

Mutua aliinyanyua chupa kutoka kwenye benchi langu. Niliona jinsi alivyoishika, kwa shingo, nikasimama pia. Lakini hakumpiga. Aliipiga chini, wima, kati ya miguu ya Ndunda, kwa nguvu mpaka ikarusha matone.

"Maliza," akamwambia. "Maliza yote. Si uko na ulimi? Niambie pipa lililala wapi! Miaka tisa nimesukuma mapipa nikifikiria siku nitaketi hapa na ndugu yangu na wewe. Na wewe. Maliza, mzee!"

Ndunda akaipapasa chupa kwa miguu, akaisukuma pembeni polepole. "Sitaonja tena, Mutua. Hii ilikuwa ya mwisho, kwa sababu yeye alisema nionje."

"Usitaje jina lake!"

"Sijataja."

Mutua akaketi chini, kwenye simiti yenye maji, na lile koti lake la bei. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Yule wa ndoo aliisahau ndoo. Nilizikusanya glasi. Ile ya Ndunda ilikuwa na kidogo ndani, na harufu yake bado ilikuwa nzuri. Niliimwaga.

Mbula hakulia. Nilidhani ataanguka, nikasogea, akanizuia kwa mkono.

"Alikuwa anacheka?" akauliza.

"Alikuwa anacheka," Ndunda akasema.

"Hakuwa na hasira na mimi?"

"Hakuwa nayo. Alisema ulikuwa umesema maneno ya asubuhi, na maneno ya asubuhi hayahesabiwi."

Mbula akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko na haikuwa kilio. Akamtazama Ndunda kwa muda mrefu, yule mzee amekaa pale kama kitu kilichosahauliwa juani, mke wake ukutani amejifunika uso na kanga. Kwa desturi yetu, kukiwa na damu kati ya nyumba mbili hamli chungu kimoja mpaka wazee wakae, mbuzi achinjwe, watu waoshwe. Kila mtu aliyebaki pale alikuwa anajua hivyo. Nilikuwa nahesabu kichwani wazee wa ukoo wa Muli, nani ataitwa, nani ataleta maneno makali. Nilijua pia kwamba Ndunda na Mwelu watahama kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba hakuna mtu Machakos atakayemwita tena mahali popote.

"Sikusamehi," Mbula akasema. "Nisikie vizuri, Baba Mbithi. Sikusamehi leo, na kesho sijui. Wazee wataitwa."

"Waitwe."

"Lakini mimi nimekaa mwaka mzima na neno moja tu la mwisho, na lilikuwa langu, na lilikuwa baya. Wewe uko na mengine yake. Umeyaficha kwako kama mali yako. Maini alinunua wapi? Alikuwa na shati gani? Hiyo mara ya kwanza ya kukataa, alisemaje, maneno yenyewe? Nataka yote. Wendy pia yuko ndani, anataka kusikia."

"Mama Wendy," nikamnong'oneza, "wazee hawajakaa bado. Utakula naye?"

Alivuka ile simiti, akampita Mutua aliyeketi chini, akamshika Ndunda kiwiko, si kwa upole, kama unavyomshika mtu umpeleke kituoni, akamsimamisha.

"Muthokoi umeiva," akamwambia. "Ingia ule, uniambie tangu mwanzo."